Hereni ya Ng'ombe na Jina la Mchinjaji

Katika bucha za Mabawa, mjini Tanga, suala la uhalali wa nyama halina maneno mengi. Mnunuzi akiingiwa na wasiwasi huuliza, "Kachinja nani?" Mwenye bucha hutaja jina la mtu, na aghalabu hulifuatisha na jina la baba yake au la msikiti anaosali, na shauri likawa limekwisha. Nusu kilo hukatwa, mfupa huombwa uongezwe, watu hutupiana maneno kidogo juu ya mizani, kisha kila mtu akenda zake. Hapana karatasi iliyotazamwa. Mhuri wa bwana afya upo ubavuni mwa mnyama, lakini huo husema kuwa mnyama hakuwa mgonjwa, wala haudai kujua zaidi ya hapo.

Wako wanaoliona swali hilo la maneno mawili kuwa ni mabaki ya ushamba. Kwa miaka kadhaa sasa, katika makongamano ya biashara ya halali kutoka Kuala Lumpur hadi Dubai, inanadiwa dawa nyingine: kila pande la nyama libandikwe kimraba cheusi na cheupe, mnunuzi akipigie kamera ya simu yake, na papo hapo aone alikozaliwa mnyama, alikolishwa, siku aliyochinjwa, gari lililombeba na baridi ya jokofu alimolazwa. Nyuma ya kimraba hicho pana daftari liitwalo blokicheni, lisilokaa kwa mtu mmoja bali hunakiliwa katika kompyuta nyingi, kila ukurasa ukifungwa na ule uliotangulia, hata anayetaka kufuta mstari mmoja asiweze bila ya kuonekana. Waumini wa daftari hili husema kwamba limeondoa haja ya kuaminiana. Husema hivyo kwa fahari, kana kwamba kuaminiana ni maradhi yaliyopatiwa chanjo. Neno hilo ndilo linalostahili kupingwa.

Tanzania yenyewe si ngeni katika kumfuata mnyama. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilitungwa mwaka 2010. Kabla yake palikuwa na chapa ya moto. Baada yake zikaja hereni za kielektroniki, na mwezi Juni 2025 Rais akazindua huko Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ng'ombe wa Handeni na Kilindi naye ametakiwa avae hereni kama bibi harusi. Hapana ubaya. Hereni humjulisha daktari wa mifugo nani kachanjwa na nani bado, humtia hofu mwizi wa ng'ombe, na huyafungua masoko ya nje yanayotaka kujua nyama imetoka zizi gani. Lakini hereni hufuatana na sikio, na sikio huagana na nyama mapema sana pale machinjioni. Kutoka hapo mnyama mwenye namba huwa mapande yasiyo na namba, yakabebwa mabegani na kutundikwa kwenye kulabu. Swali la mnunuzi wa Mabawa linaanzia hapo hapo ambapo hereni imekomea.

Tena, hata pasipokatika namba, tendo linaloihalalisha nyama hudumu kwa nukta chache tu, na daftari halina jicho la kulionea. Kwa wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi wa pwani hii, mchinjaji hana budi kukata koromeo la pumzi na umio wa chakula, kwa kitu kikali, mnyama akiwa hai. Na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu ni sunna. Kwa wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, anayeacha kulitaja kwa makusudi ameiharibu nyama. Basi kompyuta itafuata madhehebu gani? Haitafuata lolote. Kutakuwa na kisanduku kimoja kwenye skrini kilichoandikwa kwamba mnyama amechinjwa kisheria, na kijana wa zamu atakigusa kwa kidole, mara mia kwa usiku mmoja, na akichoka atakigusa kabla ng'ombe hajaangushwa. Daftari haliwezi kufutwa, ni kweli. Wala uwongo uliotiwa ndani yake hauwezi kufutwa. Kompyuta ni msikilizaji mwema kupita kiasi: huamini kila inachoambiwa, kisha ikakilinda.

Anayedhani kuwa haya ni mashaka ya mtu wa mji mdogo atazame nchi kubwa. Malaysia ndiyo inayotolewa mfano kila linapotajwa jambo la halali, na idara yake ya JAKIM hutambuliwa pembe zote za dunia. Desemba 2020 magazeti ya huko yaliripoti kwamba genge la wafanyabiashara lilikuwa kwa miaka mingi likiingiza nyama isiyothibitishwa, likihonga maofisa na kuibandika nyama hiyo nembo za halali za kughushi. Brazil ndiyo inayoongoza kwa kuuza nje kuku wa halali. Machi 2017 polisi wake walivamia viwanda vya nyama na kuwashika wakaguzi walioshukiwa kula rushwa. Januari 2013 mamlaka ya chakula ya Ireland ilitangaza kuwa imekuta nyama ya farasi ndani ya kile kilichouzwa kwa jina la ng'ombe, na mwezi uliofuata serikali ya Uingereza ikakiri kwamba baadhi ya pai za nyama zilizopelekwa magerezani kwa wafungwa Waislamu zimekutwa na chembe za nguruwe. Katika visa vyote hivi hapakuwa na upungufu wa karatasi. Karatasi zilikuwa tele, zenye mihuri na tarehe. Kisa cha Ulaya kilifichuliwa na maabara, kwa kuipima nyama yenyewe, wala si kwa kusoma cheti chake. Na maabara nayo ina ukomo: vinasaba husema huyu alikuwa ng'ombe na yule nguruwe, havisemi kisu kilipita kwa jina la nani.

(Mitambo nayo hufa. Mtambo wa blokicheni wa kufuatilia shehena za meli, ulioanzishwa 2018 na kampuni za IBM na Maersk kwa mbwembwe nyingi, ulitangazwa Novemba 2022 kuwa utafungwa. Bucha la mtaani hufungwa mwenyewe akifa, na hata hivyo mtoto wake aghalabu hulifungua.)

Wapenzi wa mashairi hawahitaji kufundishwa nini maana ya kufuata kitu hadi kwenye asili yake. Watunzi wa zamani wa tenzi za pwani walikuwa na ada ya kujitaja mwishoni: jina, baba, ukoo, mji, na mara nyingi mwezi na mwaka wa kumaliza kutunga. Ada hiyo haikuwa ya kujitukuza. Ilikuwa kumwambia msikilizaji kwamba, pakiwa na kosa, mwenye kosa anajulikana na mlango wake unajulikana. Wanazuoni wa hadithi walikwenda mbali zaidi. Walikuwa na mnyororo wao, isnadi, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, na hawakuridhika na mnyororo usiokatika. Waliunda elimu nzima ya kuwachunguza watu wa ndani yake: huyu alikuwa mkweli? Kumbukumbu zake zilikuwa timamu mpaka uzeeni? Alikutana kweli na yule anayedai kumsikia, au mmoja alikuwa Basra na mwingine Misri na hawakuonana katika maisha yao? Mnyororo uliotimia pete zake zote ulitupwa kwa sababu ya pete moja ya mtu mwongo. Wanaonadi blokicheni wanakuja, baada ya karne kumi na zaidi, kutuza mnyororo na kumsahau mtu, tena wanaita hayo maendeleo.

Liko na jambo jingine lisilotajwa katika hotuba zao. Imepokewa kwa Bibi Aisha, katika mkusanyo wa Bukhari, kwamba watu walimwendea Mtume kumwuliza juu ya nyama wanayoletewa na jamaa waliosilimu karibuni, wasijue kama imetajiwa jina la Mungu au haikutajiwa. Hawakuelekezwa wakapeleleze. Walielekezwa walitaje jina wao wenyewe, wale. Hapo pana hekima ambayo watu wa Mabawa wameishi nayo bila ya kuihubiri: mtu hutazamwa kwa wema mpaka lidhihiri jingine, na mla naye ana fungu lake la wajibu mbele ya sahani yake. Mwenye kupinga atajibu kuwa iko hadithi ya Nuuman bin Bashir, kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi na baina yake pana mambo yenye utata, na mwenye kuyaepuka ameihifadhi dini yake. Ndivyo. Lakini kuepuka ni kuacha, si kununua mtambo. Aliyetiwa shaka na nyama ya leo aiache, na Mabawa haiko mbali na bahari. Samaki hadai kisu cha mtu wala shahada ya mchinjaji.

Hata hivyo mlaji si wa kuonewa huruma tu, naye ana yake. Vyuo vya Malaysia na Indonesia vimetoa tafiti nyingi ambamo walaji huulizwa kama wangependa kuthibitisha halali kwa simu, na wengi hujibu ndiyo. Wangejibuje? Muulize mwenye kiu kama anataka maji. Kinachopaswa kuulizwa ni nini atafanya siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, mtoto akilia mgongoni na foleni ikimsukuma. Jibu liko nchini tayari. Tangu mwaka 2019 Tanzania imeweka stempu za kielektroniki kwenye sigara na vinywaji vikali, kisha kwenye soda na maji ya chupa, na Mamlaka ya Mapato ikatoa programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu, ili mnunuzi yeyote aweze kupima kama stempu ni ya kweli. Msomaji na ajiulize mara ya mwisho kumwona mtu dukani akiipigia chupa ya maji kamera kabla ya kuinywa. Tena chupa husimama wima na kukaa kavu. Nyama hutoka damu, hufungwa kwenye mfuko, na mkono unaoishika ndio huo unaotakiwa utoe simu.

Na simu ipi? Katika Mabawa wako wenye simu za kioo, na wako wengi wenye kitochi, na bibi anayemtuma mjukuu robo kilo hana hata hicho. Ikiwa halali itasomwa kwa kamera, basi ucha-Mungu utakuwa na bei ya kifurushi, na asiyekuwa nacho atakula kwa shaka kile alichokuwa jana akikila kwa utulivu. Huku ni kuchukua kitu ambacho maskini alikuwa nacho bure, nacho ni yakini, kisha kumwuzia.

Ajabu ni kwamba mlaji huyu huyu, anayependa kusoma nembo ya halali kwenye pakiti ya soseji, hapeleki macho kwenye kuku wa sokoni. Vijana wanaochinja na kunyonyoa kuku wa kisasa hufanya kazi kwa mbio: kuku hupitishwa kisu na kutoswa katika pipa la maji ya moto akiwa bado anapigapiga mbawa. Wanunuzi husimama pale pale. Huona. Hawasemi, kwani kuku ni wa bei nafuu na kijana ni Mwislamu na jina lake linatosha. Hapa kuaminiana kwa Mabawa kumeoza, na haifai kuficha. Jina limekuwa pazia, ilhali kazi yake ni kuwa dhamana. Lakini dawa yake iko umbali wa hatua mbili, katika mdomo wa yule anayesubiri kuku wake: "Ngoja afe kwanza, mwanangu." Hapana mtambo uwezao kulisema neno hilo kwa niaba yake, na akishauzoea mtambo atakuwa amepata sababu ya kutolisema kabisa.

Wala isidhaniwe kuwa suala hili ni la jikoni tu. Kwa miaka mingi Tanzania Bara imekula nyama ya hadhara chini ya mkataba usioandikwa: mchinjaji huwa Mwislamu, ili kila mtu aweze kula. Mkristo aliyekuwa na harusi alimwita jirani Mwislamu aje kuchinja mbuzi, si kwa kulazimishwa na yeyote, bali kwa kutaka majirani wakae mkekani pamoja naye. Mkataba huo ulikuwa na ufa wake. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje ulimtoa roho mchungaji mmoja, na Aprili ya mwaka huo huo Tunduma ikachafuka kwa jambo hilo hilo. Damu ya mtu ilimwagika kwa hoja ya damu ya ng'ombe. Wanaodhani kuwa ufa wa namna hiyo huzibwa kwa kimraba cha kupigia kamera hawajauona ufa. Waliogombana Buseresere hawakukosa habari kuhusu nyama; kila mmoja alijua vizuri nani kachinja nini. Walichokosa ni ule wepesi wa kumwita jirani. Na kila chombo kinachomwambia mlaji kuwa hana haja ya kumjua wala kumwuliza jirani yake kinaupunguza wepesi huo kidogo zaidi.

Basi mtambo hauna pahali? Unapo, na haki yake ipewe. Visiwani huletwa kuku waliogandishwa kutoka Brazil, wakiwa wamekaa majuma baharini. Bara ilipiga marufuku kuingizwa nyama ya kuku mwaka 2006, na pwani ya Tanga, kutoka Mkinga hadi Pangani, haina upungufu wa bandari bubu. Kuku wa namna hiyo hana baba wa kutajwa. Hakuna wa kumwuliza kachinja nani. Aliyechinja hajui kama iko Mabawa duniani, wala Mabawa haitamjua. Vivyo hivyo jelatini iliyomo katika peremende za watoto na katika maganda ya vidonge vya dawa, ambayo huenda imetoka kwa ng'ombe na huenda imetoka kwa nguruwe. Mnyororo ukishakuwa mrefu hata jina likapotea, hapo namba ina kazi, na anayetaka kuweka blokicheni na vimraba aanzie huko, kwenye kontena bandarini, kwa fedha ya mwingizaji. Asianze na mwenye bucha anayeuza ng'ombe mmoja kwa siku mbili. Indonesia, ambayo kwa sheria yake ya 2014 imeifanya hati ya halali kuwa ya lazima, ilipofika Oktoba 2024 siku ya kuitekeleza kwa vyakula iliona tabu hiyo na kuwaongezea wafanyabiashara wadogo muda hadi 2026. Kuwaongezea muda si kuwaondolea mzigo. Mwenye mtaji mdogo huletewa tu hati ile ile siku nyingine. Mwishoni watabaki wenye uwezo wa kulipa, na bucha la Mabawa litakuwa rafu ya duka kubwa, lenye nyama iliyoandikwa kila kitu isipokuwa mtu.

Na hereni pia ipewe haki yake, kwa sababu ambayo wauza blokicheni hawakuitaja. Ng'ombe aliyeibwa Kilindi usiku, akachinjwa alfajiri na mcha-Mungu, kwa kisu kikali na kwa bismillahi iliyotamkwa sawasawa, ni mali ya watu. Mapishi yote hayamsafishi. Kumjua mwenye ng'ombe ni sehemu ya halali iliyosahauliwa kabisa na makongamano, na katika hilo kipande kidogo cha plastiki sikioni hufanya kazi ya dini kuliko nembo zote za kijani. Nembo ya kijani haiulizi kama mchungaji alilipwa ujira wake, wala kama jiwe la mizani limetimia.

Lililo jepesi kwa Mabawa ni hili. Machinjioni pawe na daftari la kawaida, la karatasi, linaloandika kila alfajiri namba ya hereni ya mnyama na jina kamili la aliyemchinja, na mchinjaji atie sahihi kwa mkono wake. Bucha liwe na ubao ukutani, na kila siku jina hilo liandikwe kwa chaki, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani. Mnunuzi asiyejua kusoma ataendelea kuuliza kama alivyokuwa akiuliza. Gharama yake ni kipande cha chaki kwa juma. Wenye bucha watakaokataa watakuwa na sababu zao, na wanunuzi wa mtaa huo watazijua kabla ya adhuhuri.